Kivuli cha Mwezi wa Kwanza

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chakula kinanishinda. Tangu uliponieleza kuwa kazini kwenu mnakifundisha kigari cha kwenye sayari ya Mirihi kutazama jua ili kijue kimeelekea wapi, imekuwa ikinirudia kila siku.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tulikuwa tumeshuka kutoka milimani kuanzisha kijiji kipya huku tambarare ya Same. Sisi wa milimani tulizoea kujua njia kwa vilima na mabonde, na huku chini ni miiba mitupu. Mwezi wa sita mfugaji mmoja alinionyesha: saa sita mchana simika fimbo, kivuli kitalala kusini. Basi nikajiona profesa.

Mwezi wa kwanza kaka yangu Mbonea akashikwa na homa kali. Zahanati ilikuwa kaskazini, karibu na reli. Tulimkalisha kwenye baiskeli, mimi nasukuma, baba mdogo anamshikilia. Korongo lilikuwa limejaa maji, tukaiacha njia na kuzunguka porini. Mawingu yalifunika milima yote, ila utosini jua linawaka. Nikasimika fimbo.

"Kaskazini ni kule," nikasema, nikakipa kivuli mgongo.

"Tusubiri kwanza tuone jua linashukia wapi," akasema baba mdogo. "Hicho kivuli ulifundishwa wakati wa baridi."

"Tukisubiri atatufia hapa." Nilimjibu kwa ukali, mimi mtoto kwake.

Akamshika tena Mbonea, tukaondoka. Alasiri jua liliposhuka, nikaliona liko mkono wangu wa kulia. Nikasimamisha baiskeli. Anayekwenda kaskazini, jua la alasiri huwa kushoto kwake. Mwezi wa kwanza jua huwa limehamia kusini, na kivuli cha mchana hulala kaskazini. Muda wote ule nilikuwa nikimpeleka kaka mbali na dawa.

Tukageuza baiskeli. Mbonea akauliza, "Tumekaribia?" Nikamwambia tumekaribia. Hakuuliza tena.

Baba mdogo hakunilaumu, si siku tuliyomzika Mbonea, wala mpaka yeye mwenyewe anazikwa. Afadhali angenichapa.

Kipeni hicho kigari saa na tarehe kwanza, ndipo kilitazame jua. Na wewe, mkubwa wako akikuambia subiri, subiri, hata kama mgonjwa yuko mikononi mwako. Mimi nimezeeka na jambo hili halijapoa, wala sitegemei lipoe.

Mungu akuweke, mwanangu. Akupe mtu wa kukuambia ngoja, na akupe masikio. Mimi mtu nilipewa.