Bomba la Kulia la Pikipiki ya Omanga

Bogonko alikuwa fundi wa bodaboda mjini Homa Bay, na mdomo wake ulitangulia spana zake popote alipokwenda. Pikipiki zote alizozijua zilikuwa za silinda moja, hizi za kubeba abiria na magunia ya dagaa wa omena, nazo angezifungua hata akiwa amefumba macho. Kwa hiyo aliposikia kwamba shemeji yake Joash amemwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu kutoka Migori aje kuichukua pikipiki ya marehemu baba mkwe, alijipiga kifua mbele ya ukoo mzima.

"Hiyo nitaiwasha Jumapili," alisema. "Mkisikia inanguruma, huyo mtu wa vyuma arudi kwao mikono mitupu."

Alijitwika mzigo asioujua uzito. Pikipiki ya mzee Omanga ilikuwa ya silinda mbili, ya zamani sana, na tangu mzee azikwe ilikuwa imesimama chumbani mwa mama mkwe, Nyaboke, huko shambani Lambwe. Joash aliiona chuma tu kinachokula nafasi. Nyaboke hakutaka iondoke. Miaka yote ya ndoa yake aliisikia jioni ikipanda kutoka sokoni, akajua ni wakati wa kupakua chakula.

Jumapili Bogonko alifika na mfuko wake, akasimama uani. Mkisii hakanyagi chumba cha mama mkwe wake. Hiyo ndiyo heshima wanayoiita chinsoni: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai karibu, na jambo lolote la mwilini halitajwi kati yao hata kwa mzaha. Basi Joash na dada yake Terry, mke wa Bogonko, wakaisukuma nje. Nyaboke alikaa jikoni, mlango ukiwa wazi kidogo, na kila alichotaka kusema kilipitia kwa Terry.

Kwanza Bogonko alichomoa gunzi la mahindi lililoziba bomba la moshi la kushoto, akacheka. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka gundi. Akatia kokoto na petroli kidogo ndani ya tangi, akalitikisa mpaka kutu ikang'oka. Akazibua vitundu vya kabureta kwa uzi wa kebo ya klachi, akasugua pointi za kutoa cheche kwa msasa, akaazima betri ya jirani. Akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Mwishowe ikakohoa, ikawaka.

Lakini iliwaka upande mmoja. Ikachechemea, ikatetemeka, ikafa. Bogonko akatemea mate mabomba yote mawili: kwenye la kushoto mate yalichemka, kwenye la kulia yalitiririka tu.

Terry akaja, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Baba Valentine, mama anauliza kama umeangalia kwa bomba."

"Bomba ya moshi? Mwambie moshi inatoka, haiingii. Shida iko kwa moto."

Akabadilisha plagi, ya kushoto akaitia kulia. Cheche ilikuwa nzuri. Akaifungua kabureta upya. Majirani Wakatoliki waliotoka misa wakasimama kutazama, na pikapu ya mtu wa Migori ikaingia uani. Dereva akateremsha ubao wa kupakilia, akauegemeza tayari.

Terry akarudi, anafuta mikono ambayo haikuwa na maji. "Mama amesema huko kulia, uangalie ndani kabisa."

"Ndani kuna nini?"

"Hasemi. Nimemuuliza, akaangalia ukuta."

Bogonko aliona macho ya watu, akaona ule ubao, na kiburi kikampanda. "Mwambie mama apike," alisema kwa sauti. "Injini si sufuria!"

Watu wakacheka, Joash zaidi ya wote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mguu wa Bogonko ulikuwa bado haujui.

Alipoishiwa na vya kufungua ndipo alipoweka kiganja kwenye bomba la kulia na kumwambia Joash apige kiki. Hapakutoka pumzi hata kidogo. Jambo hilo angelipima kwanza, lau angesikia. Akakunja waya ncha, akaingiza, akazungusha, akavuta. Nguo ikaanza kutoka, nyeupe iliyogeuka kijivu, ikazidi kutoka. Bogonko akainyanyua juu kama bendera, akaikung'uta mbele ya watu.

"Hii ndiyo imetusumbua! Muone!"

Pindoni ilikuwa na lesi. Terry akaziba mdomo kwa kiganja. Ilikuwa kamisi ya mama yake.

Mlango wa jikoni ukafungwa.

Nyaboke ndiye aliyeyaziba mabomba baada ya mazishi; gunzi la pili halikuingia, maana mdomo wa bomba la kulia ulipindika mzee alipoanguka nayo zamani. Nyaboke aliogopa panya na nyigu wasiiharibu, akachukua kilichokuwa karibu pale chumbani, akakisukuma mpaka ndani. Sasa angemwambiaje mkwe wake? Watu husema mficha uchi hazai, lakini waliosema hivyo hawakuwa na wakwe wa Kikisii.

Bogonko aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Terry akainyakua nguo na kuificha ndani ya leso aliyojifunga. Joash aliangalia chini. Hata majirani walikumbuka ghafla kwamba wana njia ya kwenda.

"Sasa, tunapakia?" dereva akauliza.

Bogonko akaipanda pikipiki. Akapiga kiki. Pikipiki ikanguruma pande zote mbili, nzito, sawasawa, na dereva akauondoa ubao wake bila kuambiwa. Hapakuwa na wa kushangilia. Bogonko alinyoosha mkono aizime, atoroke, siku nyingine aje na mbuzi wa kuomba radhi.

Terry akatoka jikoni, macho mekundu. "Mama anasema usiizime."

"Terry, acha niende."

"Anasema uipeleke mpaka sokoni, halafu urudi nayo polepole. Kama baba."

Akaenda. Aliporudi akiipandisha ile njia, aliona kwa mbali mlango wa jikoni uko wazi, na mama mkwe wake amesimama kizingitini, bakuli mkononi. Bogonko akageuza uso upande mwingine, asimwone mama mkwe akilia.