Mayai Tisa ya Kishingo

Ukitaka ugomvi na Beldina, mguse kuku wake. Mengine yote atakusamehe. Mwaga maji machafu mlangoni pake, kosa kumsalimia mwezi mzima, atakununia siku mbili halafu akuletee chapati. Lakini kuku, la hasha.

Kuku mwenyewe hana hata sura ya kupiganiwa. Shingo tupu, nyekundu, kama ya mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi. Ndiyo maana anaitwa Kishingo. Huingia nyumba za watu pale Makongeni bila hodi, akapekua chini ya meza, akatoka kwa madaha. Majirani wamechoka kulalamika. Mwenye kuku, huyo Beldina, ndiye Mama Shiundu, mpishi wa shule ya msingi, na nusu ya watoto wa mtaa wamekua kwa githeri yake ya mahindi na maharagwe. Utamwambia nini?

Kishingo alitoka kijijini Malava, kwa Mama Triza, mamake Beldina. Mama Triza alipoolewa, miaka sitini na kitu iliyopita, alikwenda kwa mumewe na tetea mmoja wa shingo tupu aliyepewa na mamake mzazi. Tangu siku hiyo boma lake halikuwahi kukosa kuku wa mbegu hiyo. Mmoja wao, Kishingo, ndiye Beldina aliyembeba kwenye kikapu hadi Nairobi, akidonolewa vidole njia nzima.

Basi Januari mwaka huu kideri, ugonjwa ule unaomaliza kuku, kikapita Malava. Ndani ya wiki moja hakubaki kuku hata mmoja, boma la Mama Triza likawa kimya. Wanyonyi, kaka mtu aliyebaki nyumbani, alipiga simu akaeleza jambo ambalo Beldina alitamani asingelisikia. Mama bado huamka alfajiri, akasema. Humwaga konzi ya mahindi uani, akaita, akangoja. Kisha huinama na kuyaokota tena, punje moja moja, akayarudisha kwenye debe.

Beldina alilia palepale mbele ya sufuria za shule. Walipomuuliza akasingizia vitunguu, ilhali siku hiyo ilikuwa zamu ya uji.

Kwa hiyo mbegu yote ya Mama Triza ilikuwa imebaki kwa Kishingo, na Kishingo alikuwa amezeeka. Tena hataki kulalia mayai. Nyuma ya ukuta kuna mafundi wa vyuma wanaogonga mageti kutwa kucha. Kuku atakaa juu ya mayai siku mbili, nyundo ilie, aruke na kwenda zake. Mwezi wa tano akataga mayai kumi na moja, akafunga duka. Wiki ya kwanza hakuna yai, ya pili hakuna. Beldina akajua hayo ndiyo ya mwisho.

Hapo ndipo Kyule alipoingia. Kyule ni jirani, Mkamba wa Machakos, fundi wa kuchonga vinyago ambaye siku hizi, watalii wakipungua, hutengeneza chochote cha mbao ukimwagiza. Mteja mmoja wa Komarock, Kimani, alikuwa amemwagiza sanduku la kutotolea vifaranga: balbu mbili, kipimajoto, karai la maji ndani, kioo juu na matundu ya hewa ubavuni.

"Baba Mutheu," Beldina akamwambia, "sanduku hilo utampaje mtu kabla hujalijaribu?"

Kyule akacheka. "Sema tu unalitaka, Mama Shiundu. Nyinyi Waluhya mkisikia neno kuku mnapata akili ya ajabu."

"Na nyinyi Wakamba mkiona sahani ya muthokoi je?"

Wakaelewana. Sanduku lingekaa kwa Beldina wiki tatu. Kimani angelichukua Jumapili, saa kumi jioni, vifaranga wakiwa wameshatoka. Kyule mwenyewe akaweka alama kwa penseli ya useremala, msalaba upande mmoja wa yai na duara upande wa pili, ili Beldina akiyageuza asijichanganye. Jumatatu jioni akachomeka waya na balbu zikawaka.

Mamake hakuambiwa kitu. Beldina aliapa atatokea Malava shule zikifungwa, na boksi la vifaranga kwapani, amwone mzee atafanya nini. Alikuwa akiiwaza hiyo siku hata akisonga ugali.

Akayatunza hayo mayai kuliko alivyomtunza mwanawe Shiundu. Alfajiri kabla ya kazi anageuza, akirudi anageuza, kabla ya kulala anageuza. Maji yakipungua karaini anaongeza. Wiki moja ilipopita Kyule alikuja na tochi, wakayamulika moja moja: mawili yalikuwa matupu, tisa yalikuwa na vishipa vyekundu. Beldina alipoviona akakaa chini. "Uko hai, wewe," akaliambia lile yai. Kyule akajifanya anakagua bawaba.

Siku alikuwa akizipiga alama kwenye kalenda ya kanisa iliyoning'inia ukutani. Hapo sasa nisikilize vizuri. Mpishi wa shule huhesabu siku kwa namna yake. Siku ya kufungua shule watoto wanakula, kwa hiyo ni siku ya kwanza. Ukiiacha, mahindi yatakupungukia mwisho wa muhula. Miaka ishirini na sita amehesabu hivyo na hajawahi kukosea. Basi ile Jumatatu ya kuweka mayai akaiandika moja. Ishirini na moja ikaangukia Jumapili.

Jumapili akatoka kanisani kabla ya matangazo. Akainama juu ya kioo. Mayai tisa, kimya, hakuna hata lenye ufa. Akapika, hakula. Saa nane akachungulia tena. Kimya kilekile.

Jacklyne, msichana wa mlango wa pili anayeuza mandazi na kumwita kila mama Mathe, akaja kuchungulia naye, akafunika pua mapema. "Mathe, hizi zimeoza. Tupa tu, zikipasuka wapangaji wa ploti yote watahama."

"Nyamaza, Jacklyne."

"Si nakuambia tu ukweli, Mathe. Pole lakini."

Saa tisa unusu Kyule akaja na kitambaa cha kulipangusia sanduku. Alipoona uso wa Beldina akakitia kitambaa mfukoni. "Kimani ameshatoka kwake," akasema polepole. "Ameazima pikapu ya watu. Ningempigia arudi, lakini nimwambie nini? Siku si zimeisha?"

"Zimeisha," Beldina akasema. Akachomoa waya mwenyewe. Akayatoa mayai moja baada ya jingine, akayapanga kwenye kikapu juu ya leso, akayafunika kwa upindo wake. Yalikuwa bado ya moto mkononi. Sasa akasimama na kikapu chake katikati ya nyumba, hajui pa kukipeleka. Pipa liko nje, hatua kumi.

Simu ikalia mara moja, ikakata. Huyo alikuwa Mama Triza. Kila Jumapili baada ya ibada ndivyo afanyavyo: huiacha simu ilie mara moja tu, apigiwe. Maishani mwake hajawahi kumpigia mtu kwa pesa yake. Anasema simu ina mdomo mkubwa kuliko ng'ombe.

Beldina akapiga. Alikusudia kusalimia tu. Lakini aliposikia "Mwanangu, umeshindaje?" akayamwaga yote: Kishingo, sanduku, mayai, Malava wakati wa likizo, na sasa kikapu hiki.

Mama Triza akaja na swali moja.

"Uliyaweka lini?"

"Jumatatu, Mama. Jioni. Leo ni ya ishirini na moja."

"Kuku ameyalalia usiku mara ngapi?"

"Mama, ni mashine, si kuku..."

"Beldina! Usiku mara ngapi?"

Beldina akageukia kalenda, akaanza kuhesabu kwa kidole, safari hii usiku kwa usiku. Kidole kikafika Jumamosi kikakwama. "Ishirini," akasema.

"Sasa wewe umemfukuza kuku juu ya mayai yake kabla hajamaliza! Siku ya kuweka haihesabiwi, mtoto wewe. Unahesabu usiku aliolala. Nani alikufundisha? Rudisha! Rudisha upesi!"

Ungemwona mama wa miaka hamsini na minane akikimbizwa na mamake kwa simu. Kyule alikuwa ameshachomeka waya. Mayai yakarudi ndani na kifuniko kikafungwa.

"Yamerudi, Mama. Lakini hayasemi kitu."

"Yaseme na nani? Umeyaweka kwenye kabati wiki tatu, hakuna aliyeyaita. Weka simu hapo karibu."

Beldina akafungua sauti yote, akaibandika simu kwenye tundu la hewa. Kutoka Malava ikaja sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni, ya chini, ya kooni: ko, ko, ko, krrr. Ko, ko, ko, krrr. Kikongwe wa miaka themanini na mitatu akilia kama tetea anayeita wanawe. Jacklyne alifungua mdomo acheke, akaufunga.

Ndani ya sanduku kitu kikajibu. Pii.

Kyule akavua kofia.

Mama Triza akaita tena, na safari hii wakajibu vifaranga wawili, kisha mwingine kutoka pembeni, sauti nyembambanyembamba kutoka ndani ya maganda. Beldina alishika mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakimtiririka, na hakukuwa na vitunguu vya kusingizia.

Kimani alifika wakiwa hivyo, watu watatu wameinamia sanduku. Akauliza kama ndilo hilo lake. Kyule akamwashiria anyamaze, asikilize. Kimani akasikiliza. Mwishowe akasema sanduku halina haraka, atarudi kulichukua Jumatano, lakini hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa.

"Umesikia, Mama?" Beldina akauliza. "Mama?"

Simu ilikuwa imekatika. Pesa za Beldina zimeisha, na Jumapili hiyo hakuwa na za kuongeza. Akabaki ameikodolea macho, mzee wa watu ameachwa gizani, na yeye asijue kama mamake aliwasikia vifaranga au hakuwasikia.

Simu ikalia. Mara moja. Beldina akangoja ikate, kama kawaida yake. Haikukata. Ikalia mara ya pili, ya tatu, ya nne, hadi Jacklyne akapiga kelele, "Mathe, shika! Amepiga!"

Akaidaka simu. "Mama! Mama, niko hapa."

"Sijakupigia wewe," Mama Triza akasema. "Rudisha simu kwa watoto."