Mwalimu Aliyetaka Sarafu Yake Isahihishwe Upya

Kwaru, kwaru, kwaru. Hiyo ndiyo sauti niliyobaki nayo: mswaki wa meno na jivu juu ya fedha, nje ya kibanda changu cha saiba, cha intaneti na kuchapa karatasi, hapa Kakamega. Ilinirudia Jumanne nilipopigiwa simu kwamba yule mwalimu mstaafu ameaga dunia. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnanijua, mimi hulia hata kuku akichinjwa. Nililia. Kisha, Mungu anisamehe, nikacheka.

Alinifundisha darasa la sita, na katika miaka yake yote ya chaki hakuwahi kukubali kuangalia tena karatasi ya mtoto. Ukimpelekea daftari ukidai kwamba amekosea kujumlisha, alikutazama juu ya miwani na kukwambia alama ni alama, nenda ukakae. Nusu ya mji huu ilikaa. Mimi bado nimekaa.

Sasa, mtu huyo alikuwa na sarafu ya fedha ya enzi za wakoloni, yenye sura ya mfalme, aliyoachiwa na nyanya yake kule Shianda. Ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Kakake mkubwa, mkulima wa miwa huko Kabras, alishikilia kwamba ni kifuniko cha chupa kilichopondwa. Hilo lilimuuma mwalimu kama nyanya yake ameitwa mwongo. Akaja kwangu nimjazie fomu za wataalamu wa ng'ambo, wale wanaokagua sarafu, kuzipa alama hadi sabini na kuzifungia ndani ya kasha la plastiki. Miezi ikapita, ikarudi: ni halisi, alama arobaini. Kumbe kwa sarafu ya umri ule, arobaini ni heshima. Lakini sisi ni watu wa ripoti fomu za shule. Kaka alipoiona aliweka tonge la obusuma, ugali wetu, chini na kuuliza, "Arobaini kwa sabini? Na huyu ndiye alikuwa anachapa watoto wa watu?"

Kesho yake mwalimu alinikuta nikifungua kufuli. Alitaka ikasahihishwe upya.

"Lakini mwalimu, si ulisema alama ni alama?"

"Hizo zilikuwa zenu," akasema. "Hii ni ya nyanya yangu."

Hapo ndipo mimi, kwa moyo wangu mzuri na akili yangu ya darasa la nane, nilipotoa ushauri. Nilimwambia hata mtoto akienda intavyuu huogeshwa kwanza. Tukavunja kasha, nikaleta jivu na ndimu, tukasugua kwa zamu mpaka mfalme akang'aa kama kijiko cha dukani. Tukaituma. Ilirudi bila alama hata moja: halisi, lakini imesuguliwa. Ule weusi tulioutoa ndio waliokuwa wakiuheshimu. Kaka alicheka mpaka akashika mbavu. Naye mwalimu akamwambia kila aliyeuliza kwamba alisugua peke yake. Mtu ambaye hakuwahi kunisamehe nukta iliyokosekana hakunitaja hata mara moja.

Juzi kamati ya mazishi iliniletea wasifu wake nichape. Kaka ndiye aliyeshika kalamu. Ubishi, akafuta. Kiboko, akafuta. Sarafu, akafuta mara mbili. Badala yake akaandika mpole, mnyenyekevu, asiyegombana na mtu. Nikauliza, huyu ni nani tunayemzika? "Msichana, marehemu husemwa vizuri," akanijibu, na macho yake yalikuwa mekundu, kwa hiyo nikawasha printa.

Huu ndio ugonjwa wetu. Tunasugua vyeti, tunasugua picha za simu, tunasugua maiti, mpaka mtu anazikwa aking'aa na hakuna anayemjua. Nilichojifunza ni hiki: weusi wa mtu ni alama za mikono iliyomshika. Ukimpenda, weka mswaki chini.

Nilichapa nakala zote kama walivyotaka. Walipoondoka nikaufungua wasifu tena, nikaongeza mstari mmoja: Alikuwa mbishi sana, na sarafu yake niliiharibu mimi. Nikatoa nakala moja tu, nikaibandika mlangoni pa kibanda, upande wa nje.