Risasi Kwenye Beseni la Sadaka

Kilichoninyima usingizi wiki nzima ile ni uzito usiofikia hata nusu gramu. Ndiyo, nusu gramu, na kama kuna mtu anataka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele kuna sehemu ambazo hata mimi mwenye aibu yangu bado sijaweza kuzicheka.

Naitwa Doreen, mtoto wa Moshi, nimesoma takwimu hapa Toronto nikamaliza mwaka juzi, na ugonjwa wangu ni kwamba siwezi kununua hata dawa ya meno bila kusoma kwanza maoni ya watu arobaini (mama anasema nitaolewa nikiwa na mvi, kwa sababu nitakuwa bado nalinganisha). Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua risasi.

Aliyenipa kazi ni Anko Lawrence, Mgoa wa Nairobi, bosi wangu wa kwanza kwenye ofisi moja kule Don Mills kabla hajastaafu. Rafiki yake anafuga kondoo mwendo wa saa moja na nusu kaskazini mwa jiji, na kila theluji inapoyeyuka wanakondoo wakizaliwa, wanakuja koyoti, wale mbwamwitu wadogo wa huku, wanajichukulia kama wameandaliwa wao, na Anko ndiye anayeitwa kwenda kuwapiga. Mwaka jana alinipeleka kwenye uwanja wa shabaha kunionyesha tu, nikapiga risasi tano kwenye karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kichwa changu kikanyamaza. Kimya kabisa. Nikatoka pale nikiwa mtu mwingine, nikasoma kozi, nikafanya mtihani, nikapata leseni ya bunduki. Kanisani sikumwambia mtu yeyote. Nilijiambia hawajauliza.

"Wewe una digrii ya hesabu," Anko aliniambia, "nitafutie risasi moja tu, bwana. Bei nafuu, isinigomee, niweze kutobolea karatasi na niweze kupigia koyoti. Moja! Usiniletee kitabu."

Nikamwandikia kitabu. Jedwali lenye safu kumi na nne. Ganda la shaba au la chuma (la chuma ni rahisi, lakini pale uwanjani wanapitisha sumaku kwenye kila boksi, na ikinasa tu unarudi nyumbani nazo). Kichwa chenye ncha laini, kinachofunguka kikimpata mnyama ili afe palepale, au kile kigumu cha bei ya chini, ambacho kwenye karatasi hakina shida lakini kwa koyoti kinapita kama sindano na mnyama anakwenda kufia vichakani akiteseka. Kisha kuna zile za kununua kwa wingi, ambazo mtu mmoja mtandaoni aliapa hazijawahi kumgomea na mwingine akaapa zilimgomea mara tatu siku moja huku koyoti anamtazama. Halafu uzito wa kichwa, ambao wenyewe wanaupima kwa greni: hamsini na tano au sitini na mbili, tofauti isiyofika nusu gramu? Kila bunduki ina risasi inayoelewana nayo, na hujui ni ipi mpaka upige, sasa unachaguaje kitu ambacho huwezi kukijua kabla hujakichagua? Hilo ndilo swali nililolala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kazini.

Dukani nilimweleza muuzaji yote haya mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa. Mwishowe nikanunua boksi mojamoja la aina tano, nikaondoka haraka.

Jumamosi Anko akapiga simu. "Umechagua?"

"Nimepunguza, Anko. Zimebaki tano."

"Arre baba. Kesho nakupitia hapo kanisani kwenu, tunywe chai kwanza, unionyeshe, nichague mwenyewe."

Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniharibia kila kitu. Maboksi ni mazito, nikawaza, tena kanisani siwezi kuingia na maboksi ya risasi (ona akili hiyo!), kwa hiyo nitayaacha yamefungiwa kabatini na kuchukua sampuli tu, risasi moja ya kila aina, mfuko wa kulia wa koti. Tena nilijipongeza. Nilijiona mtu mwangalifu.

Kanisa letu ni ukumbi wa kukodi huku Weston, chini ya ghorofa kuukuu, na karibu wote ni watu wa Kivu na Fizi kule Kongo, na wa Burundi. Mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa na njaa ya Kiswahili, wakanipokea bila kuniuliza nimetoka wapi. Aliyenipokea hasa ni Mama Riziki, mama wa kwaya, sauti kubwa, mwili mkubwa, anayenifungia pondu, kisamvu cha kwao, kwenye kopo kila Jumapili kama vile kazini kwangu hawauzi chakula. Na anayeshika beseni la sadaka ni Papa Deo. Huyo ni mtu wa miaka hamsini hivi, mkimya, fulana yake imepigwa pasi kila wakati. Kila mtu alijua, ingawa hakuna aliyesema kwa sauti, kwamba zamani alichukuliwa na waasi kwa nguvu na kubeba bunduki msituni miaka kadhaa. Alikaa kiti cha mwisho kabisa miaka mitatu kabla Mchungaji hajamkabidhi lile beseni. Wapo waliokuwa wanapeleka sadaka wakiangalia pembeni wasikutane na macho yake.

Sadaka kwetu haipitishwi kwenye viti. Ngoma inalia, unatoka kwenye mstari wako, unacheza mpaka mbele, unatia kwenye beseni, unacheza kurudi. Jumapili ile sikuwa na noti. Nilikuwa na sarafu za mashine ya kufulia pale kwenye jengo letu, na niliona aibu watu wasikie sarafu, kwa hiyo nikapanga: nitazikamata zote kwenye ngumi, nitaingiza mkono chini kabisa ya beseni, nitafungua taratibu, hakuna atakayejua. Kipasha joto cha ukumbi kilikuwa kimeharibika, tumevaa makoti, mimi na glavu juu. Nikacheza. Nikaingiza mkono mfukoni nikachota. Nilihisi kitu kirefu katikati ya sarafu nikasema ah, ni mafuta ya midomo, na wakati huohuo mtu wa nyuma yangu akanisukuma na mdundo, ngumi ikafunguka juu badala ya chini.

Sarafu zina mlio wake. Hiki kilikuwa na mlio wake. Kiligonga beseni la alumini, kikazunguka ukingoni, kikadondoka sakafuni, kikabingirika mpaka chini ya mimbari kikiwaka kwa taa.

Sijawahi kuona ukumbi ukifa namna ile. Ngoma ilikatika katikati ya pigo. Sikusikia mtu akipiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu kwetu kitu kikianguka watu wanasema "yesuuu" wanacheka. Pale hakuna aliyecheka. Kina mama walikwenda chini. Walikuwa wanajua namna ya kwenda chini. Mama Riziki, ambaye kupanda ngazi anasimama mara mbili, alikuwa tayari amelala sakafuni juu ya mtoto ambaye hata si wa kwake, amemfunika kichwa kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba. Mzee mmoja alikuwa amesimama uso ukutani, mikono juu. Hakuna aliyemwambia ainue mikono.

Mimi nimesimama katikati na glavu zangu.

Mchungaji akainama, akakiokota kwa vidole viwili. "Hii masasi iko ya nani?" Risasi wao wanaiita masasi.

Na watu, walipoanza kuinuka mmojammoja, wakamtazama Papa Deo.

Si wote kwa mara moja. Ilikuja kama upepo, kichwa hiki, kichwa kile. Nyuma mwanamume akasema, "Tulisema." Mwanamke akamjibu, "Tulisema toka mwanzo, mutu wa pori ni wa pori." Papa Deo alikuwa ameshika beseni kwa mikono miwili, hakujitetea, hakutikisa hata kichwa. Alisimama kama mtu anayesubiri zamu yake ifike.

Sasa mtu yeyote mwenye akili angesema palepale. Mimi nilianza kuhesabu. Nikisema yangu watanifukuza. Nikisema si sasa bali baadaye kwa Mchungaji faraghani itakuwa heshima zaidi. Labda mtoto fulani atasema iliangushwa na mtu mwingine. Labda hainihusu kisheria, leseni ninayo. Nikisema kwa Kiswahili cha Moshi itasikika kama kiburi. Nilipanga majibu manne, nikayalinganisha. Dakika mbili nzima, labda zaidi. Na wakati naendelea kulinganisha, nilimtazama Papa Deo.

Halafu nikasikia sarafu zinalia ndani ya beseni mikononi mwake, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ni yangu."

Hakuna aliyeelewa. Mchungaji akasema, "Yako nini, mutoto wangu?"

"Risasi. Ni yangu. Ni ya koyoti. Ni ya kuwindia, na shabaha, nina leseni, hii ni sampuli tu, kuna ya shaba na kuna..." na ili kuthibitisha kwamba ni sampuli (hapa ndipo mnaruhusiwa kufunika uso), nikaingiza mkono mfukoni nikazitoa zile nne nyingine, nikazinyoosha mbele ya kanisa zima kwenye kiganja.

Mstari wa mbele ulirudi nyuma na viti vyake.

"Weka chini!" Mchungaji alisema, na sijawahi kumsikia akitumia sauti ile. Nikaziweka chini. Nikatoa kadi ya leseni nikampa, akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia pamoja na zile risasi zote tano, kama mtu anayerudisha kitu kichafu.

Mama Riziki aliinuliwa na watu wawili. Alikuja mpaka mbele yangu, vumbi la sakafu kwenye kitenge, na hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Weye, mutoto wa Tanzania," alisema, "kwenu hakukuwa vita. Ndiyo maana unatembea na masasi mu mufuko kama karanga."

Nilisema, "Samahani, mama," na nikasikia jinsi neno lenyewe lilivyo dogo.

Nilipogeuka, beseni lilikuwa sakafuni karibu na mimbari, sadaka ndani yake, na Papa Deo hayupo.

Anko Lawrence alinikuta nje nikilia nimekalia ukuta wa maegesho. Nilimweleza yote. "Kanisani? Kwa watu waliokimbia vita? Doreen! Una akili wewe?" Alizichukua zile risasi tano, akazifungia kwenye gari, akarudi akakaa kando yangu. Kisha akasema, "Nilikuomba moja kwa sababu zote tano zingefanya kazi. Koyoti hasomi boksi, bwana. Unachukua moja, unaijaribu, ikipiga vizuri unabaki nayo."

"Ganda la shaba, ncha laini, hamsini na tano," nikasema, bila jedwali, bila chochote, na sikuhisi hata raha ya kuwa nimechagua. "Nunua hiyo. Mimi leo siendi kupiga."

Jioni ile nilikwenda kwa Papa Deo. Anaishi kwenye majengo yale ya zamani kando ya mto Humber, ghorofa ya sita, na lifti ilinipa muda wa kutosha kutunga hotuba. Alifungua mlango, hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Shikamoo, Papa. Nimekuja kuomba msamaha. Wamekutazama vibaya kwa sababu yangu."

"Bote wananitazama," alisema. "Ile nimezoea. Bale hawakujua." Akakitazama kiatu chake, halafu mimi. "Lakini weye ulijua iko ya nani. Na weye ukanitazama."

Hotuba yote ikaniishia pale mlangoni. Alikuwa ameniona. Kati ya macho yote yale alikuwa ameyaona yangu, akajua palepale, akanyamaza, akanipa nafasi ya kusema mwenyewe, na mimi nikaitumia kupima uzito wa majibu.

"Nitalisema hilo mbele yao," nikamwambia. "Jumapili. Uje usije."

"Beseni sitashika tena," alisema, akafunga mlango taratibu.

Toka siku hiyo sitii kitu chochote cha bunduki kwenye nguo, hata ganda tupu, na kabla sijatoka nyumbani napindua mifuko yote kitandani. Hilo ni rahisi. Lile lingine, la kusema mbele ya kanisa, sikuliandika popote wala sikulilinganisha na lolote, kwa sababu nilijua nikianza kulipanga nitalipanga mpaka lipotee.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama kabla Mchungaji hajaniita. Mama Riziki alikuwa amekaa kiti cha pili na hakunitazama. Papa Deo alikuwa mlangoni kabisa, amesimama, koti limefungwa mpaka shingoni, kama mtu aliyepita tu. Nikachukua kipaza sauti, sikuvaa glavu.

"Jumapili iliyopita mlimtazama Papa Deo kwa sababu hamkujua," nikasema. "Mimi nilijua kwamba risasi ni yangu. Nikanyamaza, na nikamtazama pamoja nanyi."