Ujira wa Masikio

Treni kutoka Voi mpaka Mombasa, basi mpaka Malindi, kisha lori la magunia lililokwama siku mbili kwenye tope karibu na Garsen, kisha mashua, kisha punda. Hivyo ndivyo nilivyofika Matondoni katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa na cheti cha sekondari, viatu vilivyopasuka, na daftari la ofisi iliyonituma kuandika majina ya watu wa kupewa posho ya unga kila mwezi.

Ofisini walikuwa wamebishana sana. Mmoja alisema ukimpa mtu unga umemfundisha kukaa. Mwingine akasema mwenye njaa hafundishiki chochote. Wakakubaliana jambo moja tu: anayefanya kazi haandikwi. Sasa imepita miaka arobaini, nimehama miji mingi, na kila nifikapo nawakuta watu kwenye ubishi uleule. Mimi humkumbuka mzee mmoja wa Matondoni.

Alikuwa fundi wa mashua aliyepofuka. Wenzake walikalafati, yaani walishindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao ili maji yasipite, naye alifuata nyuma akigonga kwa nyundo ndogo na kutega sikio. "Hapa," alisema, nao wakarudia. Mchana mwenye mashua alipoleta wali na samaki, sahani yake ilikuwa sawa na zao. Ningali naisikia milio ya nyundo zile, na harufu ya mafuta yale bado naitafuta kila mji.

"Huyu anafanya kazi?" niliuliza, kalamu mkononi.

"Afanya!" walijibu pamoja.

"Bwana karani, huyu ndiye atupaye kazi," mmoja aliongeza. "Sisi twamaliza, yeye atwambia tuanze."

Walicheka, na mzee akawashinda wote kwa kicheko. Nikaandika: anafanya kazi.

Kesho yake mkewe aliniita kutoka nyuma ya mlango. "Mwanangu, umeandika nini? Mashua hii ikishuka majini, nyengine haijulikani ni lini. Kati hapo tule milio ya nyundo?"

Nilifuta. Nikaandika: haoni, hana kazi. Nilijiona mwema. Sikufikiri kwamba posho ikija, mgawaji angesimama uwanjani na kusoma kila jina na sababu yake.

Mzee alisikia. Alipokea unga wake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena uwanja wa mashua. Mafundi walimfuata nyumbani. "Sina kazi mimi," aliwajibu. "Imesomwa." Chungu chake hakikukosa kitu, lakini alishinda barazani akigongagonga ukuta kwa kidole. Nao mafundi waliacha kunitania, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Niliomba uhamisho, miguu yangu imezoea kukimbia. Asubuhi ya kuondoka nilipita kwake kumuaga.

"Wenda na mashua gani?"

"Ile mpya, iliyomalizika juzi."

"Nani ameisikiza?"

"Hakuna."

Alipapasa kutafuta fimbo yake. "Nishike mkono. Sitaki mama yako aje kunidai mtoto."

Mashua ilikuwa bado mchangani, maji hayajaifikia. Aliigonga yote, ubao kwa ubao, mafundi wamejipanga nyuma yake kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Hapa. Na hapa. Mlikuwa mwalala?"

"Tulikukosa, mzee!"

Nyundo zikaanza. Fundi mmoja alinikonyeza, na mpaka leo sijui kama pale palikuwa pabovu kweli.

Maji yalipojaa nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Na jina lako nilifute?"

"Unga na uje," alisema. "Huyo msomaji wenu ndiye apunguze sauti."

Nikakunja suruali nikaingia majini, nikapanda mashua. Sikurudi tena.