Meza ya Dirishani

Mimi ni mpiga pasi tu, lakini mdomo wangu hauna pazia. Siku katibu wetu alipotaka kumnyang'anya yule binti meza ya mama yake, nilitamani kumpiga pasi na yeye, tena ikiwa ya moto.

Ukumbi wetu wa mafundi cherehani una meza kumi na nne na sheria moja: fundi akifa, meza inakwenda kwa mtoto wake. Meza ya dirishani, yenye mwanga kuliko zote, ilikuwa ya Fundi Mkubwa, mwanamke mweusi tii aliyetufundisha kazi karibu sote. Fundi Mkubwa alimzaa huyo binti na mzungu mmoja aliyekuja kuchimba visima, akachimba, akaenda zake. Mtoto akatoka maji ya kunde.

Mtaani walimwita mzungu. Alipokwenda kuwaona ndugu wa baba yake, huko akaitwa mweusi. Wateja nao: chotara, nusu-nusu, basi kila mtu na lake. Yeye anacheka. "Shangazi," aliniambia siku moja akitunga uzi kwenye sindano, "nikimsikiliza kila mtu, nitashona saa ngapi?"

Si kwamba hakuwahi kuumia. Akiwa na miaka tisa alirudi analia, maana mlinzi wa shule alimzuia kuondoka na mama yake, akidhani mama ni yaya. Fundi Mkubwa alimfuta machozi kwa kipande cha bitana, akamwambia, "Wanaokupa majina hawakukuzaa. Lete hiyo sketi tupinde." Tangu siku hiyo sikumwona tena akilia kwa jambo hilo.

Fundi Mkubwa alipofariki, tukaitana kikao. Katibu alikuwa ameshamwahidi shemeji yake ile meza, sote tunajua. Akasimama, akakohoa kidogo.

"Sina ubaya na huyu dada. Ila tuambizane ukweli. Marehemu alikuwa na roho nzuri, huenda alimlea tu. Mtazameni. Amefanana naye wapi?"

Watu wakaangalia sakafu. Aibu iliyoje! Watu wazima na ndevu zao! Nilifungua mdomo nimpe zake, binti akanishika bega.

"Cheti cha kuzaliwa ninacho," akasema.

"Karatasi siku hizi zinapatikana," Katibu akajibu.

"Haya."

Akaenda kwenye nguzo iliyo kando ya meza ya dirishani, akasogeza makoti yaliyotundikwa pale. Hapa kwetu, mtoto wa fundi anapokatiwa sare mpya ya shule, husimamishwa kwenye nguzo ya meza yao, na mwanagenzi wa meza hiyo humchongea alama ya urefu kwa ncha ya mkasi. Mtoto wa mwingine hapimwi hapo hata alie mpaka kesho. Alama zilikuwa kumi na moja, ya chini kabisa ikinifika kiunoni.

"Katibu, miaka hiyo mwanagenzi wa mama alikuwa nani?"

Katibu akajifanya anapanga karatasi zake.

"Nauliza kwa heshima. Nani alichonga hizi?"

"Mimi," Katibu akasema.

"Zote?"

"Zote."

"Na ulipokuwa unachonga, uliniitaje?"

Mzee wa watu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Nilikuwa na hasira naye, lakini nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

"Mdogo wangu," akasema. "Nilikuita mdogo wangu."

Binti hakupandisha sauti. Alivuta droo, akatoa mkasi wa mama yake, akampa. Kisha akaegemeza mgongo kwenye nguzo, visigino vimegusana, uso mbele yetu sote.

"Basi weka ya kumi na mbili. Mwenye meza naye apimwe."

Katibu akasogea na mkasi. Akamwekea kiganja utosini kulaza nywele, vilevile alivyokuwa akifanya zamani.

"Simama wima," akasema taratibu.

"Nimesimama, kaka."