Mwenzangu wa karata na ile simu ya dimanche

Miye njo nilikosa. Naanza na ile, ju kuko batu bazungukaka mambo mpaka unasahau nani alikosa. Jina yangu musiitafute. Ya bengine nitaitaja, banajijua.

Niko mama wa miaka makumi tano na kitu. Shule niliacha ku primaire ya ine. Nilitoka Oicha na nguo moja ku mwili. Bwana yangu na mutoto wangu wa kwanza balibakia mu shamba ya kakao, balikatwa na panga. Miye nilikuwa nimelala chini ya majani, nasikia. Balituambia kisha kama mutu wa kwetu njo alipigia bale bauaji simu, akabaambia tuko wangapi na askari beko wapi. Toka ile siku, mutu akishika simu na kunipa mugongo, naangalia njia ya kukimbilia.

Ku Butembo, mwalimu Katembo, muzee wa pension, njo alituingiza mu bridge. Ile karata alifundishwaka na bapadri akingali kijana. Dimanche, ile siku ya Mungu, kisha misa, mu salle ya paroisse, nyumba ya mikutano ya kanisa, meza mbili, batu munane. Bengine balikuwa banatucheka: "Muone bakimbizi, banacheza karata ya baaskofu, ya bamonseigneur!" Bacheke tu! Ile salle njo ilikuwa pahali moja penye nilikuwa nasahau panga.

Mu bridge munacheza babili babili. Mwenzako anakaa mbele yako, na hauna ruhusa ya kumuonesha kitu, hata na jicho. Wangu alikuwa Paluku, fundi wa viatu, naye mukimbizi wa upande wetu. Mupole, maneno kidogo. Tulianza pamoja mu janvier, na mpaka Pasaka hakuna mwenye alitushinda.

Sasa musikilize. Mukisha kutangaza mutashinda mizunguko ngapi, moja wenu njo anacheza karata za bote babili. Mwenzake analalisha karata zake zote juu ya meza, wazi, na kazi yake imeisha. Banamuita mort, ni kusema maiti. Kila mort anabakiaka pale anaangalia. Paluku, hapana! Saa kumi ikikaribia, hata akiwa na karata nzuri sana, ananiachia nicheze miye. Analalisha zake, anatoka inje na simu.

Kahindo, mwenye kuuza mikate, alikuwa mwenzake wa mwalimu ku meza yetu. Yeye njo alitia sumu ya kwanza.

"Mama, ule bwana yako wa karata anapigiaka nani?"

"Hapana bwana yangu. Sijue."

"Kila dimanche, saa ileile? Na weye umetoka Oicha! Si weye njo ungejua mbele yetu?"

Ile maneno iliniingia. Nikaanza kumuangalia Paluku namna unaangaliaka mwizi. Akikohoa, nahesabu. Akichelewa kidogo kuangusha karata, nasema mu roho: iko na kitu huyu.

Mu juin, mwezi wa sita, dimanche moja nilisema naenda ku choo. Nikasimama nyuma ya ukuta. Wandugu, nilisikia na masikio yangu!

"Tuko ku salle ya paroisse, nyuma ya soko. Tuko batu munane tu. Ukifika ku daraja, kuko barrière, askari beko babili. Usiogope. Pita ile njia ya chini, ya mikaratusi."

 Nilirudia mu salle, nikakaa, nikacheza vibaya. Paluku akarudi, akaniuliza pole pole: "Mama, uko mugonjwa?" Nikasema ni malaria.

Pale njo kosa yangu iko. Pale, si pengine. Alikuwa mbele yangu, urefu wa meza moja! Hapana kumuuliza!

Ile siku ya ine, habari ikafika: baliua tena batu kule upande wa Oicha. Miye nikaunga kamba mbili zenye hazikuwa za mbuzi moja. Nikaenda kwa Muhindo.

Muhindo njo alikuwa chef wa batu ba ronde, bale banalinda mutaa usiku, mu avenue yetu. Alikuwa anachezea ku meza ya pili, na tukibadilisha meza, Paluku alikuwa anamushinda mpaka anatupa karata chini. Nikamuambia yote. Unajua alijibu nini?

"Miye nilijua! Hakuna mutu anashindaka vile bila kupewa alama!"

Kisha kusikia ile wivu, ningerudi nyuma. Sikurudi.

Dimanche iliyofuata, saa kumi, Paluku akalalisha karata zake, akatoka. Muhindo na benzake balikuwa banamungojea inje. Nilisikia fimbo. Nilisikia anaita: "Batu ba Mungu!" Karata zake zilikuwa wazi mbele yangu, na kwa aibu ya kuinua macho, nikaendelea kucheza. Nilicheza as yake ya cœur, karata yake kubwa ya moyo. Muimagine! Mutu anapigwa, na miye nacheza as yake!

Mwalimu Katembo njo alikimbia inje, akamuokoa. Lakini simu Muhindo alikuwa amesha iponda na jiwe, vipande akatupa mu choo.

Paluku aliingia na damu mu mudomo. Hakumuangalia Muhindo. Aliniangalia miye.

"Mama, ungeniuliza."

Njo akasema. Mutoto wake mwanamuke, Kavira, bale bauaji balimubeba mu pori, sasa miaka mibili. Dimanche moja, saa kumi, alipiga, simu ya mutoto ilikuwa imefunguka, ikalia, mutu akashika, Paluku akasikia mutoto anakohoa, ikakatika. Toka ile siku, kila dimanche anapiga. Ile mashini inasema haipatikane, yeye anaongea tu, anaelekeza njia, ju siku moja inaweza kufunguka katikati ya maneno.

"Ile namba yangu njo moja tu yenye anajua kwa kichwa," akasema. "Na niliinunua ku soko, iko ku jina ya mutu mwenye sijue. Ba kampuni ya simu habatanirudishia."

Alijaribu. Balikatala. Mu août, mwezi wa munane, akahamia Kayna. Meza ya pili ikavunjika, kisha na yetu. Mu décembre mwalimu akafunga karata mu kabati. Muhindo angali anatembea na fimbo yake. Kahindo angali anauza mikate, ananisalimia na meno yote. Hata moja hakuomba samahani!

Mu novembre mama moja alitoka mu pori, akafika Beni, akapokelewa ku kanisa ya Baprotestanti. Nikaenda kumuona. Alijua Kavira. Muzima! "Mwezi ulipita aliiba simu mara mbili ku shamba," akaniambia. "Alipigia baba yake. Haipatikane."

Ile namba sasa inalia tena. Ba kampuni baliiuzia mutu wa Kanyabayonga. Kila dimanche, saa kumi, namupigia.

"Mama, njo weye tena?"

"Njo miye, baba. Kuko mutoto mwanamuke amepiga?"

"Hapana. Dimanche ilipita ulisha niuliza."

"Akipiga, umuambie baba yake iko Kayna, anashona viatu ku mulango wa soko."

"Sawa, mama. Nimeandika."

Weye mwenye unasoma na uko na mutu mwenye roho yako haimutaki: enda kwake. Kaa mbele yake. Muulize yeye, hapana Muhindo. Nilikuwa na mutu mbele yangu nusu ya mwaka, sikumuuliza kitu. Sasa namuuliza mutu mwenye sijaona hata uso yake.